Tuliyemkuta Kwenye Kuta za Kale

Harufu ya mawe ya moto yaliyopigwa na mvua ya ghafla hunirudisha Thimlich, upande wa Kenya, nilikofika nikiwa msichana mdogo kutoka Susuni, upande wa Tanganyika. Miaka ile ya hamsini mpaka haukuwa na maneno mengi. Tulivuka kwa miguu tukipishana na watu wa mnadani, halafu tukadandia lori la samaki.

Baba alikuwa mwashi. Alikuwa amesikia kwamba huko kwa Wajaluo kuna kuta za kale, ndefu kuliko mtu, za mawe matupu bila udongo wala saruji, akasema hafi kabla hajaziona. Bibi, mama yake, akasema naye anakwenda. Baba alicheka. "Mama, tangu lini ukapenda mawe?" Bibi alijifunga kanga, akatangulia.

Baba alizipapasa kuta zile kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari. Mimi nilijipenyeza kwenye mlango mwembamba, nikamkuta ndani mama mzee akichunga mbuzi. Alinisalimia kwa Kijaluo, sikuelewa. Lakini mbuzi mmoja alipoparamia ukuta, alimkemea kwa Kikurya safi, lugha yetu ya nyumbani, kwa matusi yale yale ya Bibi. Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Bibi, aliyekuwa nyuma yangu, hakucheka.

"Gati," alisema.

Yule mama aligeuka polepole. "Bhoke?"

Ndipo nikajua kwamba Bibi alikuwa na mdogo wake. Nyumbani hakuwahi kutajwa. Mwaka wa njaa kubwa, wakiwa wasichana wadogo, baba yao aliondoka na Gati kwenda kwa Wajaluo, akarudi na mtama.

"Walikuambia nimekufa?" Gati aliuliza.

"Hapana. Waliniambia nisikutafute."

"Nawe ukasikia."

"Nikasikia."

Gati alimfukuza mbuzi ukutani. "Mtama ulitosha?"

"Ulitosha. Tulipona wote."

"Basi vizuri," akasema, akatukaribisha kwake.

Alitupikia ugali na samaki wa kukaushwa. Bibi alikaa na tonge mkononi hadi likapoa. Nilidhani safari imemchosha. Wakati wa kuagana alimsihi mdogo wake arudi Susuni, huku akimshika mikono yote miwili. Gati alitikisa kichwa. "Wajukuu zangu wananiita kwa Kijaluo, dada. Huko nitakuwa mgeni wa nani?"

Bibi hakuvuka mpaka tena. Kila Baba alipotaka kumpeleka, alisema magoti yanauma, na mwishowe tukamzika bila wao kuonana tena.

Nilikuwa na watoto wangu nilipoelewa. Baba alizaliwa miaka mingi baada ya njaa ile. Bila mtama ule Bibi asingeishi, wala Baba asingezaliwa, wala mimi. Siku ile mtoto aliyetolewa ili sisi tule alikuwa mbele yangu, mzee tayari, akinipakulia. "Kula, mjukuu wangu, usione haya," aliniambia. Nami nilikula, nikamwomba aniongeze.