Usiitike Magharibi

Saa kumi na mbili na robo jioni ndipo Muheza ya utoto wetu ilipoanza kubadilika. Mpira wa soksi ungali hewani, tumo katikati ya rede tunakwepa huku na huku, mara harufu ya ubani inatoka mlangoni kwa Bibi, na kila mtoto anajua mchezo umekwisha. Hatukuwa na saa. Tulikuwa na pua.

Bibi alikuwa na sheria mbili za magharibi, na alizisema huku akitumiminia maji miguuni kwa kata. "Ukiitwa na humwoni anayekuita, usiitike. Na ukisikia kitu nyuma yako, usikimbie wala usigombane nacho. Geuka ubavu, kipishe. Kina njia yake." Kisha tulikula mihogo ya nazi kimya, tukisikiliza nani ataitwa. Watoto wa leo wanaogopa betri kuisha.

Sheria hizo zilinirudia ukubwani, hapa ughaibuni, Riverdale Park, katika ukumbi ambako mimi na binti yangu tunajifunza aikido, mchezo wa kujihami wa Kijapani. Nilikuwa nimesoma vitabu kadhaa kabla ya kukanyaga mkeka. Mwalimu wetu, Mkongo wa Bukavu, alicheka.

"Papa, kitabu hakiwezi kukukamata mukono." Akanikamata yeye. "Usivute. Ukivuta, naye atavuta. Toka kwa njia yake, geuka, umuache apite."

Hilo ndilo somo la kwanza, na kwa kujihami sijaona lenye manufaa zaidi: hushindani na nguvu, unaondoka pale ilipolenga. Mengine huchukua miaka.

Vuli iliyopita tulitoka mazoezini jua likizama. Uwanja wa magari ulikuwa mtupu. Nyuma yetu sauti ya mwanamke mzee ikaita, kwa mvuto ule wa watu wa kwetu: "Kidawaaa." Ni jina la nyumbani la binti yangu, nje ya mlango wetu hakuna alijuaye. Akafungua kinywa.

"Usiitike," nikamwambia. "Pisha."

"Baba, please," akalalamika, lakini akageuka ubavu.

Papo hapo mwanamume akaja mbio kutoka nyuma, akapita pale mgongo wa binti yangu ulipokuwa, akamdaka mkono. Kidawa hakuvuta. Alizunguka naye kama tulivyofanya mkekani, mkono ukachomoka, na yule mtu akapepesuka, amebaki na mkoba wa mazoezi wa Kidawa tu. Akatokomea upande wa reli.

Nikatazama tulikotoka. Hapakuwa na mwanamke.

Garini Kidawa alifunga milango yote. "Yule bibi amenijuaje?" aliuliza kwa Kiswahili, lugha anayoitumia akiugua tu.

Enzi zetu sauti ya magharibi ilikuwa ya kuogopwa, basi. Huku jua huzama bila ubani. Simu humwambia mtoto nani anapiga, haimwambii nani anaita. Nami sijui kama aliyeita alitutaka au alituonya. Bibi angejua, lakini tulimzika zamani.

Hasara yote ya jioni ile ilikuwa sare moja ya mazoezi, na dola kumi na nne.