Walitaka kupima damu ya mutoto kwanza, na surua iko kwa jirani (Kadutu, wakati wa Zaïre)

Wakuu, heshima kwenu wote, mulio kazini na mulio kitandani na simu.

Ninayoandika yalinipata mimi mwenyewe, siongezi chumvi. Anayetaka kubisha, asome kwanza mpaka mwisho.

Nimeona swali la yule maman wa hapa juu: mutoto alichanjwa zamani, hajui kama kinga bado iko, sasa arudilie chanjo ao apime damu kwanza? Hilo swali lilikaa ndani ya nyumba yangu, Bukavu, inchi ikiitwa Zaïre.

Leo niko na wajukuu. Wakati ule nilikuwa mama kijana, nimetoka kumaliza humanités, ile sekondari yetu, ndoa mbichi, mutoto mumoja. Mugisho.

Tulikuwa tunakaa Kalehe kwa wazazi wa bwana yangu. Mugisho akiwa na miezi sita surua ikaingia kule, wakachoma watoto wote sindano. Muuguzi akaniambia waziwazi: hii ni ya kumuvukisha tu, bado mudogo, akitimiza miezi tisa umurudishe achomwe tena.

Kabla ya hiyo miezi tisa kutimia, bwana yangu akapata kazi ya biro, ofisini, Bukavu. Tukapanga nyumba mutaa wa Kadutu, kule juu, mvua ikinyesha unapanda na mikono.

Surua ikatufuata.

Wale hamujaiona: macho yanakuwa mekundu, kikohozi kama cha muzee, halafu vipele. Nyumba ikiwa nayo, majirani wanaacha kuuliza mutoto anaendeleaje. Wanaogopa jibu.

Nikamwambia bwana yangu, miezi tisa imetimia, namupeleka kwenye chanjo. Alikuwa anapiga kiatu rangi, hakuinua hata macho.

"Alishachomwa. Unataka umutoboe sawa chujio?"

Mama mukwe alikuwa ametutembelea. Akasema ile wazee wetu wote walisema: surua inapaswa kutoka inje, kwenye ngozi. Ikiwa tayari iko ndani ya mutoto na unamupiga sindano, unairudisha ndani, inamumaliza.

Na kwetu mutoto ni wa ukoo wa baba. Mwanamuke aliyeolewa juzi hana neno juu ya mwili wa huyo mutoto. Munajua hivyo, musijifanye.

Basi bwana yangu, mutu wa masomo, akatafuta njia ya kufurahisha mama yake na diploma yake pamoja. Tupime damu. Kinga ikionekana, hakuna sindano. Bukavu hapakuwa na labo ya kupima vile, damu ilipaswa kupanda ndege mpaka Kinshasa.

Nilimushika mapajani wakamutoboa mukono, akalia mpaka sauti ikakauka.

Fikirieni, wakuu. Sindano ya kumukinga iliogopwa. Sindano ya kumutoa damu, hakuna aliyeiogopa.

Tukangoja. Kila asubuhi nilikuwa namufungua macho na vidole kabla hajaamka vizuri, niangalie wekundu. Akipiga chafya moyo unaanguka. Bwana yangu akirudi toka biro namuangalia mikono kama ameshika karatasi ya jibu. Hakuna.

Jirani wa upande wa chini, Maman Furaha, alikuwa anauza sombe, majani ya muhogo, soko ya Kadutu. Binti yake na Mugisho walikuwa wanacheza mukeka mumoja. Nikamwambia, peleka Furaha akachanjwe. Akacheka.

"Aa, Maman Mugisho. Nyiye batu ba biro munangoja damu, miye wa sombe nikimbilie wapi? Jibu yenu ikifika utaniambia, na miye nitajua ya kufanya."

Siku si nyingi Furaha akaamka na macho mekundu. Jioni ya jana yake walikuwa wamekunywa uji kikombe kimoja na Mugisho.

Nikamufunga mgongoni. Mama mukwe akasimama mulangoni: "Unaenda kuua mutoto wa wenyewe."

"Mama, akifa mutanifukuza. Sasa nipishe."

Kwenye chanjo dokta akaniuliza, "Citoyenne," ndivyo wanawake tulivyoitwa wakati ule, "unaogopa nini?" Nikamutolea yote.

"Kama kinga iko, sindano haitamufanya kitu. Kama haiko, ndiyo inamupa. Sasa damu unangojea nini, na surua iko kwa jirani?"

"Na kama imeshamuingia?"

Akamuangalia Mugisho macho, kinywa, kifua. "Basi tunaweza kuwa tumechelewa. Lakini sindano haitaizidisha."

Akachomwa pale pale. Wiki iliyofuata Mugisho akashika moto mwilini. Vipele vitatu vinne kifuani.

"Si nilisema?" Ni mama mukwe. Bwana yangu alikula amenipa mgongo. Dokta alishaniambia joto linaweza kuja nyuma ya chanjo, lakini woga hausikii dokta. Nilikaa na kitambaa chenye maji, najiambia nimemuua.

Joto likashuka. Akanyoosha mukono kwenye uji.

Furaha hakunyoosha. Tulimuzika. Bwana yangu mwenyewe alibeba kile kisanduku.

Nyuma ya matanga nikakutana na Maman Furaha kwenye robine, anachota maji. Akaniuliza polepole:

"Maman Mugisho, ile damu ilijibu nini?"

Hakuwa ananichokoza. Alikuwa anauliza kweli.

Damu haikujibu. Mpaka leo haijarudi toka Kinshasa. Na hasira yangu haijapoa.

Mimi si dokta. Kuna watoto wanaopimwa kwanza kwa sababu ya maana, dokta wako atakuambia. Lakini muulize mambo mawili: jibu litafika lini, na ugonjwa uko wapi leo? Mukwe asijibu kwa niaba yake. Bwana pia.

Semeni wakuu, nawasoma. Na wewe utakayeandika "apime kwanza", andika pia mutoto atachezea wapi wakati anangoja.