Meno ya Mzee Duara

Mume wangu ni mkaidi. Simsengenyi, yuko hapo nje anapanga maboya na ananisikia vizuri tu. Mkimuuliza atawaambia mkaidi ni mimi. Msimsikilize.

Sisi tunauza vifaa vya uvuvi. Ukiingia dukani, kaunta iko kushoto, na juu yake kuna vikopo vya ndoana, kuanzia zile ndogo kama ukucha wa kitoto hadi zile ambazo hata kuzishika unaomba Mungu kwanza. Mishipi tumeizungusha kwenye vibao. Ukutani zinaning'inia nyavu za kurusha kwa mkono, na hizo nazifuma mimi mwenyewe, nimekaa kwenye kigoda changu karibu na mlango wa nyuma kwa sababu hapo ndipo penye mwanga. Nyuma ya mlango huo kuna ua wa saruji, na katikati ya ua mume wangu amechora duara kubwa kwa rangi nyeupe.

Duara hilo ndilo lililompa jina la Mzee Duara. Mume wangu hauzi wavu ambao hajaurusha, tena mbele ya mnunuzi. Uwe na haraka, uwe na mgonjwa nyumbani, utatoka naye uani usimame ukutani utazame. Anajifunga kamba kwenye kifundo cha mkono, anaweka sehemu ya wavu begani, halafu anang'ata ukingo wa chini, ule wenye vipande vya risasi vinavyouzamisha wavu majini. Anazungusha kiuno kama kijana aliyeona wasichana, anaachia. Mkono kwanza, meno mwisho. Wavu unafunguka hewani na risasi zote zinatua juu ya mstari mweupe kwa mpigo mmoja, pwaa! Zikikaa sawa, anaukunja na kukukabidhi. Upande mmoja ukiingia ndani ya mstari hata kidogo, ananigeukia mimi.

"Mama, huu bado."

Basi ndiyo hivyo, nafumua. Nimemtukana sana moyoni kwa neno hilo "bado", na siku nyingine wala si moyoni. Nikamuuliza wakati fulani, hivi wewe hawa watu unawatesea nini? Wapewe wavu waende zao! Akanijibu taratibu, huku anafuta vumbi kwenye vikopo, "Mtu akifika mtoni na wavu usiofunguka, hatasema wavu mbaya. Atasema yeye hajui." Unamgombezaje mtu wa namna hiyo?

Sasa, meno. Mtu anayeng'ata risasi miaka yote hiyo anategemea nini? Yalianza kucheza moja moja. Nikamwambia nenda kwa daktari, akasema yako imara. Nikamwambia tena, akajifanya anahesabu ndoana. Sikio la kufa halisikii dawa. Siku jino lilipobaki kwenye ganda la mkate ndipo alipokubali kwenda, shingo upande, na daktari akayang'oa yote ya mbele ya juu, maana hakukuwa na la kuokoa. Akamtengenezea ya bandia. Yalimpendeza mno! Nilimwambia hivyo, naye akajitazama kwenye kioo cha chumbani muda mrefu kuliko mimi ninavyojitazama.

Alipotoka uani kuyajaribu nilikuwa nasuuza vikombe dirishani. Akang'ata, akazunguka, akaachia. Wavu ulifunguka vizuri ajabu. Na meno yakaenda nao. Yalitua katikati kabisa ya duara, yamekenua.

"Loo!" nikapiga kelele. "Samaki wa kwanza kuvuliwa kwenye ua huu!"

Nilicheka mpaka nikashika sinki. Yeye hakucheka. Aliyaokota, akayaosha bombani, akayatia kwenye glasi juu ya friji, na huko yakabaki. Hapo nikajua mambo yameharibika.

Tangu hapo akawa anaongea mkono uko mdomoni. Iko namna nyingine ya kurusha isiyohitaji meno, ukingo unaupitisha kwenye kiwiko. Akaijaribu, lakini bega lake la kulia ni bovu, wavu ukaishia nusu ya duara. "Huu ubabaishaji," akasema, akaacha. Na kwa kuwa hawezi kurusha, hauzi. Wateja wakija kuulizia nyavu anawaambia zimekwisha, na nyavu zenyewe zinaning'inia nyuma ya kichwa chake! Watu wanatazama ukuta, wanamtazama yeye, wanatoka wakishangaa.

Mimi nikavumilia, naendelea kufuma. Mpaka asubuhi moja, tunakunywa chai, akaniambia bila kuniangalia, "Nimewaza, tubaki na ndoana na mishipi. Nyavu uache. Na wewe upumzike."

"Nani kakwambia nimechoka?"

"Miaka mingi, mama."

"Nitapumzika nikifa!"

Nilitoka na kikombe changu nikaenda kukaa kwenye kigoda. Mwenzenu sikusoma sana, sijui kuimba, mapishi yangu mnayajua. Wavu ndicho kitu ninachoamka nikijua nitakifanya vizuri. Yeye amepoteza meno, na sasa anataka kunikata mikono! Nilimkasirikia, jamani. Na nilimwonea huruma papo hapo, maana ameona aibu yule, na mtu mwenye aibu hawazi sawasawa.

Siku hiyo hiyo akaja fundi baiskeli, mteja wetu wa zamani. Wavu wake umenasa kwenye visiki mtoni ukachanika vibaya, anataka mwingine.

"Zimekwisha," mume wangu akasema, mkono mdomoni.

"Na hizo ukutani, mzee?"

"Hizo bado."

"Bado nini?"

Nikamsikia akisema neno ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake: "Nenda duka la kule barabarani. Wanazo za kiwandani, za kwenye mifuko." Fundi baiskeli akainamisha kichwa, hajui aangalie wapi.

Mimi nikainuka. Nikatungua wavu niliomaliza juzi, nikauweka begani.

"Twende uani," nikasema.

"Uende ukafanye nini? Nani atarusha? Meno..."

"Meno si ninayo mimi?"

Sikuwa nimewahi kurusha wavu maishani. Lakini nimemtazama kutoka kwenye kigoda kile tangu duka hili lina rafu moja. Nikafunga kamba, nikang'ata risasi, ladha yake kama ufunguo wa kale, nikazunguka, nikaachia. Wavu ukadondoka miguuni pangu kama kitambaa cha kudekia. Fundi baiskeli akakohoa kikohozi cha uongo.

"Umeachia meno kwanza!" mume wangu akapaza sauti. "Mkono kwanza, meno mwisho! Na kiuno, mama, kiuno!"

"Kiuno changu hakizunguki tangu lini? Sema mbele ya mgeni!"

"Rudia!"

Nikarudia. Ukaenda mbele, umekunjamana. Akaja mwenyewe akanishika kiwiko, akakipandisha, akaniambia nilegeze taya, na mkono wake haukuwa mdomoni tena, alikuwa ameusahau. Nikapumua. Nikazunguka. Safari hii niliusikia wavu ukinitoka menoni wenyewe, nikainua macho nikauona umefunguka wote juu ya ua wetu, kisha pwaa, mpigo mmoja.

Nilitaka kupiga kigelegele. Nikajizuia, maana alikuwa ameanza kulizunguka duara, mikono nyuma, ameinama, kama azungukavyo siku zote. Akasimama upande wa bomba. Akachuchumaa. Akainuka.

"Mrushaji," akasema, "hana kosa hata kidogo."

Moyo wangu ukajaa, nawaambia ukweli.

"Ila mfumaji. Macho ya wavu upande huu yamebana, yanavuta risasi ndani ya mstari. Mama, huu bado."

"Mzee," fundi baiskeli akasema, "si ni mtu mmoja?"

"Ni mmoja. Mrushaji nampongeza. Mfumaji achukue wavu wake."

Nilimwita majina yote ninayoyajua, na mengine niliyabuni palepale. Naye akacheka, mdomo wazi, pengo lote nje, mbele ya mteja, mpaka machozi. Sikuwa nimemwona akicheka tangu siku ya daktari. Nikaenda kuchukua sindano yangu, nikakaa kizingitini, wavu mapajani. Kila nilipoinua kichwa alikuwa bado pale, anamweleza fundi baiskeli jinsi wavu ule ulivyotoka begani kwangu, anaonyesha kwa mikono yote miwili.

Nikaanza kufumua upande uliobana. Sikuharakisha.