Niliita Fizikia Utapeli Kulinda Miwani Yangu Feki

Mimi ni mjinga, tena mjinga mwenye sauti kubwa. Nalisema mwenyewe kabla hamjanisema, maana mkimaliza kusoma mtanitukana tu, na mna haki!

Nauza miwani ya jua Tunduma, karibu na foleni ya malori. Madereva wanataka ile ya polaraizi, inayokata mng'ao wa lami. Nina kadi yenye picha isiyoonekana kwa macho matupu. Ukivaa miwani ya kweli, samaki anatokea. Mteja wa kutoka Zambia namsalimia "Mulishani", namvisha, anamwona samaki, anacheka. Kisha namfungia nyingine, plastiki iliyotiwa rangi. Ya kweli nilikuwa nayo moja tu, ya kuonyeshea. Na Jumapili naimba kwaya, jamani!

Kwetu ni Igamba, tunalima kahawa. Kwa kuwa mimi ndiye mkubwa na nakaa mjini, kila jambo naulizwa mimi. Basi binti wa mdogo wangu alipochaguliwa chuo kikuu kusoma fizikia, kikao kikaitwa sebuleni kwa baba yake, nami nikajimwaga kwenye kochi kama jaji. Elimu yangu? Darasa la saba, na hilo nalo kwa kusukumwa!

Mdogo wangu akamuuliza binti yake, "Hiyo fizikia itakusaidia nini, mama?"

Binti akaniomba miwani yangu ya kuonyeshea, akang'oa vioo vyote viwili. "Mwanga ni mawimbi, baba. Yanatikisika kila upande. Kioo hiki kinapitisha upande mmoja tu." Akaweka kimoja juu ya kingine, akazungusha. Giza! Shangazi zake wakaguna kwa mshangao. Akaeleza kwamba wanafizikia wanautumia mwanga wa namna hiyo kuchunguza mawimbi mengine, hata yale yanayosafiri angani nyota nzito zinapogongana, na kwamba huenda siku moja ukatusaidia kuielewa vizuri zaidi nguvu hii inayotuvuta chini. Alikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona kwake. Mimi sikuelewa hata neno, nikawa natikisa kichwa kama mjuzi.

Kisha akachukua miwani ya baba yake, ile niliyompa mimi Krismasi kwa mbwembwe nyingi. Akaweka kioo cha kweli juu yake, akazungusha. Hakuna giza. Akazungusha tena.

"Mbona ya baba haizimi?"

Nikaruka kama nimekalia siafu. "Mnaona? Kiini macho hicho! Mimi nakaa mpakani, matapeli wa hivi nawajua wote! Mwanga una upande? Hizo nyota zimegongana, nani alikuwepo? Mtoto anakwenda kusomea utapeli!"

Akanitazama. Akafungua mdomo, akaufunga. Mdogo wangu akaniamini, kwa ule upumbavu wa watu wa kijijini wa kumwamini kila anayetoka mjini. Safari ya chuo kikuu ikafutwa, binti akapelekwa kozi ya utunzaji wa bohari. Nafasi ile ikapotea hivyo hivyo.

Sasa anaandika magunia kwenye ghala moja hapa hapa Tunduma. Mwezi uliopita uzalendo ukanishinda, nikamfuata nikamweleza ukweli wote. Nilitegemea alie, au anitukane. Hakuinua hata uso kutoka kwenye daftari.

"Nilijua siku ile ile, Baba mkubwa. Ningesema, ungeonekana mwizi mbele ya ukoo mzima. Nikanyamaza. Nilidhani baba atabadili mawazo."

Nikarudi kibandani. Mtoto alinisitiri mimi, mimi nikamzika yeye!

Nyie wakubwa wa ukoo, nyie wa kwenye makochi mnaohukumu vitabu ambavyo hamjawahi kuvifungua, mkiulizwa msichokijua semeni hamkijui, kisha mnyamaze! Na mkikosea, msikae nalo kama mimi. Mpaka leo mdogo wangu sijamwambia. Ndiyo maana barua hii haina jina.