Toleo la Zamani na Sauti ya Jumanne

Marehemu mume wangu alikuwa mwalimu wa kwaya, na mazoezi yote aliyarekodi kwenye kompyuta pale sebuleni kwetu Mlowo. Ilitumia mfumo wa Linux wa kulipia, toleo la zamani sana. Alipofariki, mashine nayo ikagoma kuwaka. Diski yenye mfumo ilikuwa imekufa. Ile ya pili, yenye sauti yake, ilikuwa nzima.

Mwalimu wangu wa masomo ya jioni ya kompyuta alifunga diski nyingine, akaweka toleo jipya. Liliwaka vizuri, ila programu ya kurekodia ilikataa, na mafaili ya marehemu hayakufunguka kwa kitu kingine. Kampuni inayouza mfumo huo ilishaacha kulitoa lile la zamani. Nikaomba Mungu, nikapanda gari kwenda Tunduma.

Nilizunguka kwa wauza vifaa vilivyotumika mpaka karibu na mpaka. Mzambia mmoja akachomoa boksi la CD chini ya meza, vumbi tupu.

"Mayo, mama yangu, hii wenyewe walishaizika," akacheka. "Unaifufua ya nini?"

"Wewe nipe tu, baba."

Nyumbani, lile toleo likakubali. Nikarudisha na programu ya kurekodia. Betri ya saa mle ndani ilikuwa imekufa, kwa hiyo kompyuta ilijiona iko mwaka ule mume wangu yu hai. Niliitazama ile tarehe. Sikuirekebisha, wala mashine sikuizima tena.

Jumanne jioni, nikiwa uani nakusanya kahawa niliyoanika, nikasikia sebuleni: "Kwaya, simameni."

Ungo ulinidondoka. Ndani hakukuwa na mtu.

Baadaye nilielewa. Programu ilikuwa imesoma mipangilio yake ya zamani kwenye ile diski ya pili: kila Alhamisi saa kumi na moja jioni, cheza mazoezi, wanakwaya wajikumbushe. Jumanne yetu ilikuwa Alhamisi ya mashine. Nilielewa, lakini nywele hazikulala.

Majirani nao walisikia. Kanisani kwetu vitu vya giza huchomwa Jumapili baada ya ibada, hirizi na kila takataka ya mganga. Mama mchungaji akanijia.

"Mama, maiti haongei. Sasa anayeongea humo ni nani?"

"Ni rekodi, mama. Nazihamishia kwenye CD, bado sijamaliza. Mkiichoma sasa, sauti yake ndiyo basi tena."

"Jumapili tunaibeba."

"Sawa. Ila Jumanne njoo kwanza, usikie mwenyewe."

Alikuja, Biblia kifuani, akakalia ukingo wa kiti. Saa ikafika. Taa ndogo ya mashine ikaanza kupepesa.

"Kwaya, simameni."

Mama mchungaji akasimama. Sidhani kama alijijua. Wimbo ukaanza, kisha marehemu akaukatisha: "Sauti ya pili, mmechelewa tena. Imbeni peke yenu."

Hapo rekodi ilikuwa na kipande kitupu, mvumo tu, kama mtu anayesubiri. Mama mchungaji ameimba sauti ya pili tangu usichana wake. Alifumba macho, akaimba mstari mzima.

"Haya," akasema marehemu. "Sasa mmeweza."

Tulitazamana.

Mama mchungaji alijifunga kanga yake vizuri, akaenda mlangoni. Bila kugeuka akasema, "Ukimaliza kuhamisha, na mimi nitolee CD moja."

Jumapili walichoma hirizi. Mashine ilibaki sebuleni. Nimeshahamisha zote, na yake nimempelekea. Ile saa bado sijairekebisha.