Taa za Landrova

Juzi hapa Kalangalala nilimkuta fundi akibadilisha nyaya za taa kwenye landrova ya zamani. Harufu ya waya ulioungua ikanirudisha uani kwetu, mchana ule Baba alipoinamia landrova yetu, ambayo haikuwa imetembea tangu nizaliwe.

Alimenya ncha za nyaya kwa meno, akaziunga moja baada ya nyingine mpaka zikawa ndefu ajabu. Mimi nilikaa kwenye kiti cha dereva nikipiga honi kwa mdomo. Niliamini tunakwenda Kharumwa kwa bibi. Mama hakupika siku hiyo. Alikaa chini kwenye vumbi, miguu ameinyoosha, nikadhani naye anasubiri safari.

Taa zilipowaka kwa betri aliyoazima, nilishangilia peke yangu. Baba akazing'oa zote mbili, akachukua na betri.

"Baba, tutaendaje bila taa?"

"Tulia, mwanangu. Zinahitajika kwa mjomba wako."

Mjomba Masanja, kaka yake Mama, alikuwa mchimba dhahabu. Nikafurahi kwamba ametuma aletewe taa zetu. Sikujua kuwa duara lake, shimo alimokuwa akichimba, lilikuwa limeporomoka asubuhi, na kwamba mwanga wa tochi haukufika kule chini alikofukiwa.

Jioni Baba alirudi na taa zimejaa udongo mwekundu. Akazilaza mlangoni. Nikamkimbilia.

"Mjomba ameziona?"

Aliinama akapangusa udongo kwenye taa moja.

"Hapana," akasema. "Sisi ndio tuliomwona."