Mlio Ndani ya Gitaa la Baba

Sikiliza kwanza, wewe unayesoma. Ukikaa Kitengela kwenye nyumba ya mabati, unazoea mlio mmoja: tik. Wingu likipita mbele ya jua la alasiri, mabati hupoa na kujivuta, tik, na hakuna anayeinua kichwa. Mimi pia sikuinua.

Gitaa lilikuwa la baba, lililotengenezwa Japani kabla sijazaliwa. Alilinunua akiwa mwalimu kijana Ukambani. Rangi yake ilikuwa imepasukapasuka kama tope la bwawa wakati wa kiangazi, lakini sauti ilikuwa nene na tulivu, kama ya mtu asiye na haraka. Alipostaafu alihamia Kajiado. Mkono wake ulipoanza kutetemeka, alinikabidhi gitaa kwa ombi moja: nilipige kanisani kwake, Jumapili ya shukrani ya ndoa yake na mama, alisikie tena.

Mpiga kinanda wa kanisa letu alikubali kunisindikiza. Siku ya mazoezi alinicheka.

"Brathe, gitaa yako imelala kama punda amegoma. Vuta nyuzi!"

"Baba huwa anaiweka sauti ya chini, nyuzi zimelegea kidogo."

"Mzee wako hakuwa na kinanda. Vuta bana!"

Nikavuta zote. Sauti ikang'aa, nikafurahi. Wiki hiyo tik zilizidi, hata asubuhi kabla jua halijapata nguvu.

"Ni nini hiyo?" nilimuuliza mke wangu.

"Si mabati, baba watoto? Umeanza kuogopa nyumba yako?"

Jumamosi nikalipeleka Kajiado. Nyumba ya baba ina paa la vigae. Tulikuwa tunakunywa chai, gitaa limelazwa kwenye kochi. Tik. Nikatazama juu, kwa mazoea. Baba hakutazama juu. Aliweka kikombe chini, akalaza kiganja kwenye kifua cha gitaa.

"Imefura," akasema. "Nani ameivuta hivi?"

"Ni mimi, Baba. Nilitaka ifuate kinanda."

"Kinanda iko na kifungo ya kushusha sauti ifuate gitaa, kijana yangu. Gitaa haina. Legeza. Pole pole."

Mkono wangu haukuwahi kufika kwenye uzi wa kwanza. Kile kipande cha mbao kinachoshikilia nyuzi, ambacho mafundi hukiita briji, kiling'oka kwa kishindo na kuondoka na sehemu ya kifua. Mama alitoka jikoni mbio. Baba bado alikuwa ameweka kiganja palepale.

Jumapili tuliimba kwa kinanda peke yake. Baba alipiga makofi pamoja na wengine, na hajanilaumu hata siku moja. Kwa hivyo na mimi sitakulaumu kama umezivuta nyuzi, wewe uliye na gitaa kuukuu nyumbani. Chukua karatasi nyembamba, ujaribu kuipitisha chini ya briji. Ikiingia, gundi imeanza kuachia; legeza nyuzi zote leo hii.